Kupanda na Kutunza Mshubiri Mtwara na Lindi

Mtu anayepanda mshubiri kwa mara ya kwanza huku kusini huliogopa jua la Septemba na Oktoba, miezi ambayo visima vya mabondeni hupungua na wakazi wa vijiji vya juu ya uwanda wa Makonde huhesabu kila debe la maji. Hofu hiyo ina sababu kwa mchicha na nyanya, lakini kwa mshubiri haina. Mishubiri mingi niliyoiona ikifa katika mikoa hii miwili haikufa kiangazi. Ilikufa kati ya Januari na Aprili, ardhi ikiwa imelowa kutwa kucha, au ilikufa mwezi wowote ule mikononi mwa mtu mwenye huruma na kata. Kwa hiyo karibu kila shauri nitakalolitoa hapa, kuanzia kuchagua mahali pa kupanda hadi kugawa shina lililozeeka, linarudi kwenye swali moja: maji yakishamwagika, yanakwenda wapi?

Nami nilijifunza hivyo kwa hasara. Miche kumi na miwili niliyopewa niliipanda mwezi wa Januari nyuma ya nyumba, Mikindani, mahali ambapo udongo ni mweusi na mzito, na kila mche niliuchimbia kisahani cha kukusanyia maji kama tunavyofanya kwa mnazi mchanga. Nilimwagilia kila jioni, hata siku ambazo mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kufikia katikati ya Februari majani ya chini yalikuwa yamelegea na kugeuka rangi ya maji machafu, na nilipoushika mche mmoja kuuinua, ulitoka wote bila kushikilia popote: magamba ya mizizi yalibaki udongoni, nyuzi za katikati zikaning'inia kama uzi wa nguo iliyochanika, na harufu ikawa ile ya mihogo iliyovundikwa siku nyingi. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akipita na kuni zake, alisimama akatazama, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huu si mpunga." Mshubiri wake yeye ulikuwa umekaa miaka kwenye ndoo iliyopasuka, pembeni mwa jiko, na sikuwahi kumwona akiumwagilia.

Mmea wenyewe unavyoishi

Mshubiri, ambao mjini wengi huuita alovera, asili yake ni Bara Arabu, kwenye nchi ya mawe na ukame, na umbo lake lote limekusudiwa kuweka akiba. Jani lake nene lina ngozi ngumu yenye nta kwa nje, na ndani yake mna ute ulio karibu maji matupu, kwani sehemu 98 au zaidi katika kila 100 za ute huo ni maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji juani. Mshubiri huvifungua usiku, hewa inapokuwa baridi kidogo, huiweka akiba hewa uliyoivuta, halafu huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Ndiyo maana unaweza kukaa wiki kadhaa bila tone na bado ukawa na jani lililojaa.

Mizizi yake, kinyume na wanavyodhani wengi, haiendi chini sana kutafuta maji. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikingoja mvua ndogo ipite ili inywe haraka, na baada ya hapo inahitaji hewa. Udongo unaobaki umejaa maji kwa siku tatu mfululizo huinyima mizizi hiyo pumzi, kisha vimelea vya kuoza huingia. Mwenye kulielewa jambo hili moja hatahitaji kukariri kanuni nyingi.

Jina la mmea huu limetufikia kwa Kiarabu, na kwa herufi za Kiarabu neno la shubiri na neno la subira hutoka katika mzizi mmoja. Sisi tumelibakiza zaidi kwenye ladha: kitu kikituudhi ulimini tunasema ni kichungu kama shubiri, na mama anayetaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka utomvu wake kwenye chuchu. Nitarudi baadaye kwenye desturi hiyo, maana ina hatari ndogo inayosahaulika.

Hakikisha ni mshubiri

Lindi ina historia ndefu ya mashamba ya mkonge, na hadi leo mikonge iliyoachwa huota ovyo kandokando ya barabara. Nimeshaona zaidi ya mara moja mtu akikata jani la mkonge mchanga akidhani ni mshubiri. Jani la mkonge ni gumu, lina nyuzi ndani, ncha yake inachoma kama sindano, na maji yake huwasha ngozi. Jani la mshubiri huvunjika kwa mkono, halina nyuzi, na likikatwa hutoa kwanza utomvu wa njano kisha ute unaong'aa. Mkonge, aidha, huchanua mara moja tu katika maisha yake na kufa, ilhali mshubiri uliokomaa huweza kuchanua kila mwaka.

Hatari kubwa zaidi ni kuuchanganya na mimea ya jamii ya mnyaa, ambayo nayo huhimili ukame na hupandwa kama ua la kuzungushia nyumba. Utomvu wa mnyaa ni mweupe kama maziwa, na ukiingia machoni unaweza kuleta madhara makubwa. Kanuni ni rahisi: ukikata na kuona maziwa, acha, nawa mikono, na usijiguse usoni.

Ipo pia mishubiri ya porini, mingi ikiwa na maua mekundu au ya rangi ya machungwa, inayoota kwenye mawe na majabali. Huo unaokusudiwa katika mwongozo huu una maua ya njano, majani ya kijani chenye kijivujivu, na madoa meupe ambayo huonekana zaidi ukiwa mchanga. Ile ya porini iachwe ilipo. Si kila aina inafaa kwa dawa, na biashara ya kimataifa ya mishubiri ya porini inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao umeuachia huru mshubiri huu wa kupandwa peke yake.

Mahali na udongo

Wenye bahati katika jambo hili ni watu wa Newala na Tandahimba. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, ambao ndio unaowatesa kwa kushindwa kushika maji, ndio unaopendwa na mshubiri, na pale ambapo mkorosho na muhogo vinastawi bila shida, mshubiri nao utastawi. Pwani, kuanzia Kilwa Masoko hadi Mikindani na Msimbati, ardhi yenye mabaki ya matumbawe haina tatizo pia, kwa kuwa mmea huu huvumilia udongo wenye chokaa na hata chumvi kiasi. Udongo mwekundu wa Nachingwea na Masasi unafaa iwapo shamba lina mteremko. Kinachobaki ni udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kwenye jembe wakati wa mvua, ambao usiupandie mshubiri bila kuinua tuta.

Asiye na hakika na udongo wake achimbe shimo la kina cha sentimita 30 hivi, alijaze maji, aache yazame, kisha alijaze tena. Yakizama mara ya pili ndani ya muda wa kupika ugali na mboga, hapo panafaa. Yakikaa saa nzima au zaidi, ama atafute mahali pengine, ama ainue tuta la sentimita 30 kwenda juu, lililochanganywa mchanga wa mtoni na mboji. Mchanga wa ufukweni usitumike kabla haujapigwa na mvua za msimu mzima, kwa sababu ya chumvi. Uvumilivu wa mmea una mpaka wake.

Jua linahitajika, walau nusu ya siku. Mshubiri uliowekwa kwenye kivuli kizito hurefusha majani membamba, ya kijani kilichofifia, ambayo hulala chini badala ya kusimama. Ukihamishwa ghafla kutoka kivulini hadi juani, nao hugeuka rangi ya kahawia au wekundu, hali inayowashtua wengi wakidhani ni ugonjwa, na ambayo ndiyo huwasukuma kumwagilia. Dawa yake ni kuuzoesha: wiki ya kwanza upate jua la asubuhi tu, wiki ya pili liongezwe, na kufikia wiki ya tatu ubaki juani.

Mahali pawili pa kuepuka nitapataja kwa sababu ndipo watu wengi wanapopanda. Pa kwanza ni chini ya mchirizi wa bati, ambapo maji ya paa zima hupiga kwenye moyo wa mmea na kutuama katikati ya majani. Pa pili ni chini ya mkorosho. Huko kivuli ni kingi, lakini tatizo kubwa ni salfa: katika msimu wa kupulizia dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unga wa dawa hutua kwenye kila jani lililo jirani, na mtu akija kukata jani la kupaka kwenye jeraha au kuchemsha, anakata pamoja na dawa ya korosho. Kama shamba lako limezungukwa na mikorosho na huna pa kwenda, panda upande unakotoka upepo, si unakoelekea, nao katika miezi hiyo huwa ni kusi, na ukate majani baada tu ya kuyaosha vizuri kwa maji mengi.

Kupanda

Mshubiri huu haupandwi kwa mbegu, maana mara nyingi hauzai mbegu zinazoota, na wala jani lililochomekwa ardhini halitoi mizizi hata kama utaona picha za watu wakidai hivyo, jani huoza. Kinachopandwa ni machipukizi yanayotokeza kuzunguka shina la mama. Chagua chipukizi lenye urefu wa sentimita 10 hadi 20 na majani manne au matano, fukua udongo kando yake kwa vidole badala ya kulivuta, kisha likate kwa kisu safi pale linapoungana na mama, likiwa na mizizi yake michache. Lisilo na mizizi pia huota, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Chipukizi lililokatwa lina kidonda kibichi, na likitiwa kwenye udongo unyevu siku hiyohiyo, kidonda hicho huwa mlango wa kuoza. Liache kivulini, mahali penye hewa, siku tatu hadi tano, juu ya kipande cha mkeka au gazeti, mpaka mahali palipokatwa pakauke na kufanya kigaga kigumu ukigusa kwa ukucha. Halitakufa. Nimewahi kusahau machipukizi kwenye gunia kwa zaidi ya wiki mbili nikayapanda yakaota yote, yakiwa yamesinyaa kidogo tu.

Kuhusu wakati, wapo wanaopanda mvua zinapoanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, kama wanavyopanda mahindi. Mimi napendelea mwishoni mwa Aprili na mwezi wa Mei. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, hazina vuli na masika zilizotengana kama za Tanga au Dar es Salaam, hivyo mche uliopandwa Desemba unakabiliwa na miezi mitano ya maji kabla haujajijenga, wakati uliopandwa Mei hukuta ardhi ingali na unyevu wa chini, mvua zimepungua, na kipupwe cha Juni na Julai kinauruhusu kutoa mizizi bila kuunguzwa. Kaskazi inaporudi na joto lake, mche umeshashika.

Shimo lisizidi kina cha kiganja. Simamisha chipukizi ili udongo ufunike mizizi na kitako cheupe tu, majani yakiwa juu kabisa; jani likizikwa huoza na kuambukiza shina. Gandamiza kidogo kwa mikono. Acha nafasi ya sentimita 60 kila upande, kwa sababu mmea mkubwa hufikia kimo cha sentimita 60 hadi 100 na majani yake hupanuka. Kisha usimwagilie kwa siku tano au hata wiki. Najua mkono unawasha, lakini subiri.

Kwa wanaoishi kwenye nyumba za kupanga, chombo chochote chenye matundu chini kinatosha: debe la mafuta, ndoo iliyopasuka, chungu cha udongo. Chungu ni bora kuliko plastiki kwa kuwa kinapumua. Chombo kipana na kifupi kinafaa kuliko kirefu, kwa namna mizizi ilivyo. Jaza mchanga wa mtoni sehemu mbili kwa sehemu moja ya mboji, tia vipande vya makumbi ya nazi au kokoto juu ya matundu ili udongo usitoroke, na usiweke sahani chini ya chombo kama wafanyavyo kwenye maofisi, maana sahani hiyo inarudisha maji uliyokusudia yatoke.

Kumwagilia

Kanuni ya kidole inatosha. Ingiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukisikia ubaridi au unyevu, ondoka. Udongo ukiwa mkavu kabisa hadi hapo, mwagilia kwa wingi, mpaka maji yapite chini, kisha uache tena mpaka ukauke. Kumwagilia kidogokidogo kila siku ni kubaya kuliko kumwagilia kwa wingi mara chache, kwa sababu uso wa ardhi haukauki hata mara moja, na huko ndiko mizizi iliko.

Kwa mmea ulio ardhini, msimu wa mvua haudai maji yoyote kutoka kwako, hata katika zile siku kumi au kumi na tano za ukavu zinazopenda kuingia kati ya Januari na Februari na kuwatia wakulima wa mahindi wasiwasi. Kuanzia Juni hadi Agosti, mara moja kwa wiki tatu au nne. Septemba hadi mvua za kwanza, mara moja kwa wiki mbili, jioni, lita moja au mbili kwa mmea mkubwa. Walio kwenye vyombo wataongeza kidogo, kwa kuwa chombo hukauka haraka. Mshubiri wenye kiu huonyesha dalili mapema: majani hukonda, hujikunja kwa ndani kama mfereji, na ncha zake hukauka. Dalili hizo hupotea siku chache baada ya kumwagilia. Mshubiri uliolewa maji nao hulegea, lakini jani lake ni laini na la majimaji ukilibonyeza, na ukiliachia shimo la kidole hubaki. Tofauti hii ya mkunjo mkavu na ulaini wa maji ndiyo inayoamua kama utachukua kata au jembe.

Kule ambako maji hununuliwa kwa dumu, maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa kabisa. Maji ya sabuni ya unga hayafai, wala maji ya kuchemshia dagaa wa chumvi.

Mbolea isitusumbue. Koleo moja la samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, likichanganywa juujuu kuzunguka shina mara moja kwa mwaka mwanzoni mwa mvua, linatosha. Samadi ya kuku ni kali na lazima ikae miezi kadhaa kabla ya kutumika. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi huleta majani makubwa yenye ute mwepesi, yanayovunjika kwa upepo wa kusi. Magugu yapaliliwe kwa mkono, kwani jembe litakata mizizi ya juu. Nyasi kavu za kufunika udongo ziwe mbali na shina, tena ziondolewe mvua zikianza.

Maradhi na wadudu

Kuoza ndiyo maradhi yenyewe, nayo nimeshayaeleza. Ukiuwahi mmea, ung'oe, kata kila mzizi na kila sehemu ya shina iliyogeuka kahawia mpaka ufike penye weupe safi, paka majivu makavu ya jikoni kwenye kidonda, uache ukauke wiki nzima kivulini, kisha panda upya mahali pengine. Nimeokoa karibu nusu ya niliyoijaribu kwa njia hiyo, nusu nyingine ikafa, na sidhani kama kuna njia bora.

Vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaojifunika pamba nyeupe, hujificha kwenye makutano ya majani, na sisimizi wanaopanda na kushuka huwa ndio taarifa ya kwanza. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya sabuni ya kipande, rudia kila baada ya siku nne au tano kwa wiki tatu, na washughulikie sisimizi, kwa kuwa wao ndio wanaowahamisha vidung'ata kutoka mmea hadi mmea. Vidugamba, wadudu walioganda kwenye jani kama magamba madogo, hukwaruzwa kwa ukucha au mswaki wa zamani. Madoa ya kutu na madoa meusi ya kuvu hutokea zaidi Machi, hewa ikiwa nzito. Kata majani yaliyougua, yachome, na upanue nafasi kati ya mimea. Ukiona uvimbe wa ajabu, wenye chunuchunu kama kansa, kwenye jani au bua la ua, hiyo ni kazi ya utitiri usioonekana kwa macho, na hapo usibembeleze: kata mbali kabisa na uvimbe na uchome moto siku hiyohiyo, au ung'oe mmea mzima. Kisu kisafishwe kabla ya kugusa mmea mwingine.

Kuku ni wadudu wa aina yake. Hawali mshubiri, ila hupekua udongo laini kuzunguka mche mpya mpaka ulale chali. Mawe manne matano yaliyopangwa kuuzunguka yanamaliza ugomvi huo.

Kuvuna na kutumia

Usikate kitu kabla ya mwaka mmoja. Baada ya hapo chagua majani ya nje, yale ya chini kabisa, ambayo ndiyo makubwa na yaliyokomaa. Matatu au manne kwa mara moja, kisha uache miezi mitatu. Moyo wa katikati usiguswe kamwe. Kata karibu na shina kwa kisu chenye makali, kwa mkato mmoja wa kuteremka kidogo, na fanya hivyo siku kavu ili kidonda kifunge.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, baada ya maji, ndilo hukosewa zaidi. Jani lina vitu viwili tofauti. Chini kidogo ya ngozi kuna utomvu wa njano, mchungu, na katikati kuna ute usio na rangi. Utomvu wa njano una kemikali iitwayo aloini, inayokoroga tumbo na kuharisha kwa nguvu. Simamisha jani ndani ya bakuli, upande uliokatwa ukitazama chini, dakika 10 hadi 15, uone njano inavyodondoka kwanza haraka na kisha kwa tone moja moja. Likikoma, osha jani, kata miiba ya pembeni, menya ngozi ya upande mmoja kwa kisu chembamba kama unavyofilia samaki, na ukwangue ute kwa kijiko. Suuza ute huo tena. Ukibaki na rangi ya njano, hujamaliza.

Ute huo hutuliza ngozi iliyochomwa na jua, mikwaruzo midogo, na kuungua kwa juujuu, lakini mahali palipoungua pawekwe kwanza kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ndipo ute upakwe. Ngozi iliyochunuka, malengelenge makubwa, au kuungua kwa mtoto mdogo ni mambo ya kupeleka zahanati, bila kupaka chochote njiani. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono kwa ndani, kwa sababu wapo wanaowashwa.

Kunywa ni habari nyingine, na hapa natofautiana na majirani wengi wanaosaga jani zima na kunywa kila asubuhi. Utomvu unaweza kupunguza potasiamu mwilini, unaweza kuathiri dawa za kisukari, na haufai kabisa kwa mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, wala mwenye matatizo ya figo. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia kuuzwa bila cheti cha daktari kwa dawa za kuharisha zenye shubiri, kwa kuwa usalama wake haukuwa umethibitishwa, na baadaye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaliweka dondoo la jani zima kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Jani zima, yaani pamoja na njano yake. Vivyo hivyo mama anayepaka shubiri kumwachisha mtoto ziwa apake kidogo sana, na aoshe kabla mtoto hajashika tena, kwa kuwa kinachomchukiza mtoto mdomoni ndicho kitakachomharisha tumboni.

Wafugaji wa kuku wa kienyeji hukatakata majani na kuyaloweka kwenye maji ya kunywa ya kuku. Sitawakataza, ingawa mshubiri hauwezi kuchukua nafasi ya chanjo ya mdondo, ile ya tone la jichoni inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Banda limeshawahi kuisha siku nne, maji ya shubiri yakiwa bado kwenye kopo.

Ute ukishatolewa hubadilika rangi na kuharibika ndani ya saa chache kwenye joto letu. Kwenye friji unakaa siku kadhaa. Hili ndilo linalofanya niwashauri watu wasipande ekari nzima kabla ya kujua nani atanunua, yuko wapi, na jani litamfikia baada ya saa ngapi. Mimea mitano inatosheleza nyumba.

Kugawa shina

Mwaka wa tatu au wa nne, mmea ulioachwa huwa umezungukwa na machipukizi kiasi kwamba majani ya mama yamedumaa. Ngojea mwisho wa mvua, ung'oe wote kwa kutumia uma wa shambani au jembe lililochimbwa mbali na shina, utikise udongo, kisha utenganishe kwa mikono na kisu. Mama akiwa na shina refu tupu lililolala, likate, liache likauke, umpande upya kwa kina kifupi. Machipukizi yaliyozidi yagawe. Yakisafiri kwa basi kwenda Liwale au Dar es Salaam, yafungwe kwenye gazeti kavu, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki wala kitambaa kilicholowa, na anayeyapokea aambiwe kwa simu, kabla hajayafungua, kwamba asiyamwagilie mpaka wiki ipite tangu ayapande.